Bampa Halikulala Tanuri Moja

Mama Nsimire amerudi, Jumatatu, umande haujakauka.
Kabla hajazima gari mbele ya garaji yetu hapa Majengo
anauliza dirishani:
"Fundi Bauma, mbona uso si mwili?"
Kweli.
Milango ni fedha ya sambaza waliovuliwa usiku huu,
bampa ni fedha ya sambaza walioanikwa juzi.

Bauma hakujitetea. Alinawa mikono kwa tina,
akakalia ndoo iliyogeuzwa, akaanzia mbali:

"Gari hili, mama, halikuzaliwa na rangi moja.
Kiwandani sijafika, ila nimeyavua mabampa
mia nne na ushee, na kila moja limeniambia.
Bodi ilizamishwa yote bwawani, ikatoka inachuruzika,
ikaingia tanuri ambalo mkate ungegeuka mkaa.
Bampa halikuwepo siku hiyo.
Lingeingia mle lingetoka uji.
Lenyewe lilipelekwa nyumba nyingine,
likatundikwa peke yake kwenye fremu,
likapitishiwa ulimi wa moto, haraka,
kama unavyompitisha kuku aliyenyonyolewa
kummaliza vinyoya:
si aive, ni ngozi tu ikubali.
Maana plastiki ina kiburi. Maji yanateleza, rangi inateleza.
Moto ule mfupi ndio uliolifundisha kushika."

Mimi nilikuwa nakoroga.
Nikatazama kaskazini, mlima umejifunga moshi wake,
nikatazama chini, jiwe hili jeusi tunalolikanyaga
ambalo nalo lilipita hapa likiwa ulimi,
likachukua nyumba ya nyanya yangu na cherehani yake.
Hakuna aliyewahi kuniambia
lilitufundisha kushika nini.

"Na rangi yenyewe," Bauma hajamaliza,
"ya bampa ilitiwa dawa ya ulaini.
Ya mlango imeumbwa ikae wima, ngumu kama sahani.
Ya bampa imeumbwa ipinde, irudi.
Namba ni moja kwenye kopo,
lakini dawa ile hunywa mwanga kidogo.
Hawakufanana hata siku ya harusi yao.
Jua la bandarini na vumbi letu
vimeifanya tofauti iseme kwa sauti."

"Dola sitini nilikupa," akasema Mama Nsimire,
"kumbe nilikuwa nalipa karo."

Ndipo chukudu ikateremka,
magunia matatu ya makaa, kijana amekanyaga breki
kwa kisigino, kwa roho, kwa jina la Mungu,
breki ikakataa.
Mpini ukalichoma bampa katikati,
likabonyea kama shavu la anayefyonza muwa.
Tukanyamaza sote. Hata kompresa.
Pumzi moja. Ya pili.
Kisha, tuk,
likarudi.

Bauma akapiga magoti, akapapasa kwa dole gumba.
Hakuna ufa. Hakuna hata unywele.
Ila mlango, ambao gurudumu liliugusa tu likianguka,
umeingia ndani na haukutoka,
na rangi yake nzuri inabanduka
kama ganda la yai.

Mama Nsimire akautazama mlango.
Akalitazama bampa.
Kijana anaokota makaa mojamoja, anasema pole,
pole, pole, kama anayahesabu.
"Jina lako?"
"Shamamba."
"Umeumia, Shamamba?"
"Goti kidogo."
"Linapinda?"
Akalipinda. Likarudi.

"Basi," akasema, akimtupia Bauma ufunguo,
"nipakie mlango ufanane na bampa."

Bauma akanitazama.
Nikafungua kopo la dawa ya ulaini,
nikamimina kidogo,
ingawa chuma hakiihitaji.