Haisomeki

Saa sita usiku, Umoja, ghorofa ya nne,
tokeni ya stima imebaki mbili nukta moja.
Wanangu wamelala mzungu wa nne.
Mimi nachapa wasia wa mtu
aliyekufa miaka elfu moja na ushei
katika nchi ya ukungu na matope:
Wigstani mwana wa Ordheri,
bwana wa vijiji kumi na viwili na vinu vitatu.

Kampuni hulipa kwa ukurasa.
Sharti ni andika unachokiona,
usiongeze, usipunguze.
Pasiposomeka, weka neno haisomeki
ndani ya mabano, uendelee.

Nimeshayazoea majina yao.
Wana herufi moja, a imembeba e mgongoni
kama mama anayeiwahi Gikomba kabla ya jua.
Jina linaloanza nayo, walitufundisha,
mara nyingi ni la mwungwana.

Basi Wigstani anagawa.
Kwa mfalme: farasi wanne, panga mbili,
ngao, na kikombe cha fedha,
"ili wasia wangu usimame."
Hapo nilicheka peke yangu.
Hata yeye, na cheo chote kile,
alijua faili haitembei bila miguu.

Kwa mkewe Leofgiva, shamba la mtoni,
na kitanda pamoja na mapazia yake.
Kwa Ordgari, kifungua mimba, upanga wa babu.
Kwa Edmeri, mwana wa yule mwingine
(mama yake hamtaji),
fahali mwekundu na mitamba sita wa madoa,
"na asidai zaidi."
Na watu wanaomlimia, nusu yao waachwe huru
kwa ajili ya roho yake.

Nusu.

Vidole vilisimama.
Nani aliwapanga mstari asubuhi ile
akahesabu: wewe, siyo wewe, wewe?
Ng'ombe amewataja kwa rangi.
Nikachapa nusu, kama ilivyo. Ndiyo kazi.

Baba yangu hakuacha wasia.
Mwakisha wa reli, nyumba za Makongeni,
alisema kuandika wasia ni kukiita kifo kwa jina la utani.
Aliacha ploti Ruai, futi hamsini kwa mia,
saa ya ukutani aliyopewa akistaafu,
ambayo haijawahi kupatana na wakati,
na nyumba ya pili Dandora
tuliyoijua siku ya matanga, imekuja imevaa sare.
Kaka yangu Mwanjala ndiye aliyekwenda kwa chifu
kuchukua barua ya warithi.
Nilipoiona Milimani, dirisha namba sita,
ilikuwa na majina saba, ya nyumba zote mbili,
wanaume watupu.
Karani akanitazama juu ya miwani:
"Na wewe ni nani kwa marehemu?"

Sasa niko ukurasa wa mwisho.
Kuna laana kwa atakayegeuza neno,
kuna mashahidi, kila mtu na msalaba wake,
na juu ya laana, mstari mmoja:
"Na kwa binti yangu"
kisha panya. Panya wa karne gani, sijui.
Jina amelila, akabakiza herufi ya kwanza,
a imembeba e mgongoni,
halafu tundu, halafu: "kwa maisha yake tu,
na baada yake shamba liende kwa watawa."

Nimeivuta picha mpaka ngozi ya ndama
ikaonyesha vinyweleo.
Hakuna kitu. Ila mama yule bado amesimama
ukingoni mwa shimo, na mtoto hajamwangusha.

Sikuweka mabano.
Nimechapa herufi hiyo, nikaacha nafasi
kama ile inayoachwa mkekani
kwa anayechelewa kuja kula.
Wakitaka, ukurasa huu wasinilipe.

Ijumaa narudi dirisha namba sita
na kitambulisho, na cheti cha kuzaliwa kilichotoboka
palepale pa jina la baba,
nakala mbili, kwa sababu watapoteza moja.
Mghoi, nitasema. Mghoi binti Mwakisha.
Andika unachokiona.

Mita inameta nyekundu.
Imebaki nukta nne.