Nyumba Isiyo na Ardhi

Harufu ilianza Jumanne, kama kitana
kilichosahauliwa karibu na seredani.
Nikanusa pasi, nikanusa birika, nikanusa mito ya kulalia.
Mwisho nikaweka kiganja ukutani, chini ya boksi la fyuzi.
Ukuta ulikuwa na homa.

Boksi lile ni la Baba.
Fyuzi ikikatika alipanda kigoda, tochi mdomoni,
akasokota uzi wa shaba alioukwanyua kwenye waya wa redio,
na mara moja, usiku wa harusi ya Salhiya,
karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.
Taa zikarudi. Wanawake wakapiga vigelegele,
kwa bibi harusi au kwa Baba, hatujui mpaka leo.

Kaka yangu, sauti yake kwenye simu kutoka Maskati:
"Kwani haziwaki? Mwite Kibwana wa Darajani,
mpe elfu kumi na chai."
Kibwana namjua. Huonja waya kwa kidole,
ukimng'ata hucheka.

Nikamwita Zuwena Shaame, mwenye leseni.
Akaja na buti za mpira na daftari,
nusu saa nzima hakugusa kitu.
Aliuliza tu: friji ya lini? Pampu ipo? Feni ngapi?
Nyumba ilipotiwa umeme ilikuwa na taa nne na redio moja.
Nikahesabu vya leo, nikaona haya kama niliyekutwa na deni.

Akafungua kifuniko. Kauri imeatuka,
nyaya zimevaa kitambaa kilichooza,
mjusi mkavu amelala katikati yake.
Akachomoa fyuzi ya tatu, akauona uzi wa Baba,
umekunjwa mara tano, mara sita.
Hakucheka.
"Fyuzi kazi yake kufa kwanza, nyumba ibaki," alisema.
"Hii imenyimwa ruhusa ya kufa."

Halafu: "Tena, dada, nyumba yenu haina ardhi."
Nikafura. Vizazi vitatu hapa Kiponda,
hati imo kwenye kasha, imepigwa muhuri!
"Waya wa ardhi," akasema taratibu.
"Umeme ukipotea njia hutafuta pa kurudi.
Usipopewa njia, hupita kwa mtu."

Laki nane na themanini.
Upatu wangu wa Mfunguo Tano,
niliokuwa nimeshaulaza juu ya zulia dukani,
ukaamka ukaondoka.

Ukuta wa mawe na chokaa haupigwi nyundo, unabembelezwa.
Siku mbili tulikula vumbi.
Siku ya tatu uani, kando ya mkomamanga,
Zuwena akapigilia fimbo ya shaba, shibiri kwa shibiri,
mpaka Mama akaita kutoka kitandani:
"Nani anachimbiwa?"
"Hapana Mama, tunaipa nyumba ardhi."
Kimya. Kisha: "Na siku zote ilikuwa imekaa wapi?"

Jioni, swichi nane zimepangwa safu moja,
na Zuwena na kalamu yake ya wino mzito:
Jiko. Pampu. Ukumbi. Chumba cha Mama.
"Na hii ya sita?"
Chumba kile hakilali mtu mwaka wa saba huu,
tunatia mikeka na feni mbovu.
"Andika stoo," nikasema.
"Baba," Mama akasema kutoka ndani.
Zuwena akanitazama, akaandika: Baba.

Akabonyeza kitufe cha kujaribu. Tak.
Yote ikazima papo hapo, bila ubishi,
kama mtoto aliyefunzwa vizuri.
Akawasha tena, akanipa karatasi ya kutia saini.

Fyuzi za kauri nimezihifadhi kwenye kopo la biskuti.
Saa nane za usiku niliamka, nikaenda pekupeku ukumbini
kuushika ukuta.
Baridi.
Kiganja kikatoka cheupe kwa chokaa,
nikajifuta kwenye kanga, nikarudi kulala.