Milimita Kumi na Sita

Dalali amesema: simama konani,
funga ile pana, watu waone nafasi.
Ilze anaifunga ya kumi na sita
na jiko linatanuka papo hapo:
friji limerudi nyuma kama mgeni mwenye haya,
meza ya watu wawili sasa ni ya karamu,
bakuli la matufaha, pembeni kabisa,
limevutika likawa yai.

Nje ni Riga, theluji ya Machi imechafuka.
Saa tisa unusu. Mwanga hauna subira.

Bwana Vilnis anachungulia kioo cha kamera.
"Hapa ni kwa nani?"
Miaka arobaini na moja amepita hapa ubavu ubavu,
mkewe akimpisha kwa kiuno.

Ilze hajibu. Anafungua mkoba.
Ya hamsini inaona birika tu.
Ya thelathini na tano, birika na kiti,
mlango imeusahau.
Ishirini na nne, basi:
anashusha kamera hadi usawa wa kitovu
kuta zisimame wima, kama mashahidi,
anarudi nyuma, anarudi tena,
mgongo unagusa vigae vya baridi.
Chumba kimeishia hapo.

Dalali atanuna. Kibaya chajitembeza, atasema,
na picha ndiyo miguu yake.

Vilnis anaweka kidole kwenye kioo,
kati ya jiko na meza, upenyo mwembamba.
"Hapa," anasema. "Hapa ndipo alipokuwa akinikanyaga."

Ile ya kwanza Ilze hakuifuta.
Imelala kwenye kadi.
Kodi yake mwenyewe ni tarehe tano.