Karani wa Chumba Namba Tatu

Ami Khatib kanuna: "Alama zote zile,
ukawe karani Wete, wa kuandika vikohozi vya watu?"
Sikumjibu. Nilikwenda.

Daktari Shaame hunena huku mkono uko tumboni mwa mtu;
mimi na kalamu. Homa, siku nne. Presha, juu.
Nimejifunza kuandika bila kutazama karatasi,
na kutazama bila kukodoa macho.

Jumanne kaja Bi Mize, wa Kojani.
"Tumbo lanisokota," akasema, "tangu kuzikwa mwanangu."
Daktari: "Andika, maumivu ya tumbo."
Nikaandika. Kisanduku kidogo; maziko hayakuenea.
Kabla hajainuka, daktari akamshika kiganja,
hakusema kitu,
kiasi cha mistari miwili hivi,
nami sikujua niandike nini.

Fomu ya chuo imo ndani ya mtoto wa meza,
imeshapata doa la kitumbua.
Swali la saba: Kwa nini unataka udaktari?
Mwaka jana ningelijaza ukurasa mzima.
Leo nimejaza jina,
na tarehe,
nikamwita mgonjwa afuataye.