Dirisha la Nne

Ofisi ya pasipoti ya Gyumri hufunguliwa saa tatu.
Tulifika saa mbili, maana bibi
hauamini mlango ambao hakuukuta umefungwa.
Januari. Theluji imeganda kwenye ndevu za mlinzi.

"Kidole cha shahada," akasema Gagik wa dirisha la nne,
kijana mwenye shati la pasi na mafua.
Bibi akaweka. Kioo kikawaka chekundu.
Akaweka gumba. Chekundu.
Gagik akafuta kioo, akamfuta bibi kidole,
akampaka mafuta ya mkobani mwa mwenzake,
akapuliza, kama mtu anayekoka kuni mbichi.
Chekundu.

"Bibi Varsenik, mashine haikuoni."
"Na mimi siioni. Tuko sawa."

Miaka hamsini na minne alipiga magoti
penye tanuri lililochimbwa ardhini,
akainama hadi nusu ya mwili ikazama,
akabandika mikate ya lavashi kwenye ukuta wa moto,
akaibandua kwa mkono mtupu.
Ya harusi. Ya matanga.
Ya usiku ule wa tetemeko, mji ulipolala uwanjani.
Amekula chumvi nyingi bibi yangu,
na chumvi nayo, na unga, na moto,
vikamla polepole, kwa adabu,
kuanzia ncha za vidole.

"Sasa alama zako umezipeleka wapi?"
"Uliza matumbo ya mji huu.
Mama yako amezila. Wewe mwenyewe
ulizinyonya, hujajua kutafuna."

Foleni ikacheka. Gagik akapenga kamasi.

Ikaja zamu ya kamera. Usitabasamu, akaambiwa.
Akajitahidi.
Ndipo nikaona mistari iliyohama vidoleni
ilikokwenda kujenga:
kwenye paji, kwenye pembe za macho,
juu ya mdomo uliopuliza unga miaka yote ile,
mizunguko ndani ya mizunguko,
isiyo na pacha duniani.
Kioo kikawaka kijani.

"Miaka kumi," akasema Gagik, akigonga muhuri. "Itakutosha?"
Bibi akahesabu kwa vidole vyake laini,
themanini na moja, themanini na mbili,
bila haraka, watu wakisubiri.
"Niandikie hiyo. Nikiimaliza nitarudi."

Nje, penye barafu, aliukataa mkono wangu,
kisha akaushika.
Akanipapasa kiganja kama apimaye donge la unga.
"Bado," akasema. "Bado mbichi."