Mita Mbili

Sakafuni nimebandika utepe wa njano.
Yeye asimame dirishani, mimi utepeni,
na katikati yetu mita mbili za hewa
ambazo ndizo mshahara wangu.

"Simama wima, Bi. Duthie. Usinisogelee."
Miaka sita Aberdeen, na kauli hiyo
bado inanichoma ulimi: nimelelewa nyumba
ambayo hodi haimalizwi, karibu imeshatoka.

Jana mchana alimeza kidonge kimoja
kilichotolewa kwa koleo kwenye chungu cha risasi.
Madini joto, nilimwambia. Yale yale
ya kwenye pakiti ya chumvi, dukani Korogwe,
ila haya yamekasirika.
Tezi yako ya dundumio imekatwa; masalia yake
yatayabugia kwa pupa, hayajui kubagua,
yafe kwa ulafi wao.
Alicheka. "Kama mume wangu wa kwanza."

Nainua kipimo. Kinalia
kama bisi sufuriani, mfuniko umebanwa.
Arobaini na nane. Naandika.
Hasikii kitu mwilini, anasema,
si joto, si maumivu, ni kiu tu
na ladha ya sarafu mdomoni.
Moto wa pumba huo: hauna ndimi,
hauna moshi, na mimi nimeajiriwa
niwe sikio lake.

Kwetu mizani ni neno moja, kazi mbili:
ya muuza samaki,
na ya mtunzi anayehesabu silabi kwa vidole.
Yangu ni ya tatu. Nahesabu
kinachomtoka mtu
ili aruhusiwe kurudi kwa watu.

Siku ya pili: kumi na tisa.
Amekunywa majagi saba ya maji,
amemumunya peremende za limau hadi ulimi umechubuka,
amevuta maji ya choo mara mbili mbili, kama alivyoagizwa.
Simu imevikwa plastiki, kitasa kimevikwa,
na yeye, aliyekata minofu miaka thelathini kule Torry,
anasema hata chewa wa kusafirishwa
hakufungwa vizuri hivi.

Siku ya tatu: saba.
"Unaweza kwenda nyumbani."
Ndipo akatoa sweta chini ya mto.
Alikatazwa; aliificha; alifuma usiku.
Ya mjukuu anayetarajiwa Februari,
uzi wa kijani, mkono mmoja bado.
Nikaisogezea kipimo.
Bisi.
Jasho la vidole vyake
limefumwa humo, tundu kwa tundu.

"Mpaka lini?"
Siku nane, inabaki nusu.
Nane nyingine, nusu ya nusu.
Haba na haba, ila hapa kibaba kinamwagika.
"Na inakwisha lini?"
Siku themanini, tunaiita imekwisha.
Akahesabu, akafika Aprili.
"Basi mtoto atakuwa ameizidi."

Nikaifunga mfukoni, nikaandika tarehe,
nikaiweka kabatini na shuka na kandambili za wengine.

Siku ya themanini na moja
(ya themanini iliangukia Jumapili)
nimeitoa. Kipimo: ta.
Kimya. Ta, ta. Kimya.
Nikakisogeza ukutani: ta.
Kimya. Ta, ta.
Ni jiwe hilo. Mji mzima ni itale,
kanisa, benki, baa, ngazi ya mlango wangu,
na jiwe hilo halijanyamaza tangu dunia ilipopoa.
Sifuri haipo. Hatujawahi kumrudisha mtu kwenye sifuri;
tunamrudisha kwenye mnong'ono wa kila siku.

Nikapiga simu. Nyuma yake mtoto analia.
"Ilete tu. Nitaifumua.
Uzi ni ule ule, nitaanza na kubwa zaidi."

Nimepanda basi hadi Torry, mfuko mapajani.
Amefungua mlango, mtoto begani,
mate yanamtiririka kwenye gauni.
Nami nimesimama njiani,
miguu inatafuta utepe.

"Mbona umeganda huko?" anasema.
"Chai inapoa."