Madirisha ya Saa Nane

Nabwire alikuja Jumatatu na mkoba wa vihisi,
vidogo, vyeupe, kama vipande vya sabuni ya hoteli,
akavibandika darini, ghorofa baada ya ghorofa,
nami nikimshikia ngazi
na kujiuliza ni nani atakayevipangusa vumbi.

Nimelinda jengo hili miaka kumi na tisa.
Najua mlango unaolia na lifti inayonuna.
Kila usiku napanda na funguo zangu, nazima taa
walizosahau wasomi wa ghorofa ya nne,
nikidhani bili ya stima naipunguza
kwa kidole hiki kimoja.

Ijumaa akanionyesha simu yake.
Jengo letu lilikuwa humo, limevuliwa kuta,
ubavu wa magharibi mwekundu kama kidonda,
upande ule ule ambao kila alasiri
makarani hubandika magazeti kwenye vioo
jua la Kisumu lisiwachome visogo.
“Na hapa?” akauliza.
Doa la buluu, ghorofa ya tatu,
usiku wa manane, baridi kama mochari.

Tukapanda. Chumba cha kumbukumbu.
Nyuma ya rafu kiyoyozi kikinguruma taratibu,
hakuna mtu, hakuna kiti,
mafaili tu ya wateja waliokwisha kulipwa, au kufa.
Otiato alistaafu mwaka ule wa mafuriko
akaondoka na rimoti mfukoni.
Miaka yote hiyo tumewapepea marehemu.
Nami nilipita mlangoni kila usiku,
nikaona giza, nikahesabu: kumezimwa.

Nabwire alicheka. Mimi sikucheka.

Sasa pampu hungoja adhuhuri,
paneli za paa zishibe ndipo ivute maji.
Vibao vya dirishani hugeuka na jua, polepole,
kama mtu anayejigeuza usingizini.
Na usiku wa kwanza, saa nane,
madirisha ya juu yalifunguka yenyewe, yote, kwa pamoja.
Nilishika rungu. Nikapaza sauti: Nani?

Upepo wa nchi kavu, ukielekea ziwani,
umebeba joto la mchana lililolala kwenye zege.

Meneja alipoona bili alitupa mkono sote wawili,
kisha akauliza kama mlinzi wa usiku bado ana kazi.
Wiki hiyo hiyo wadudu wa ziwani waliingia kama moshi,
wakakifunika kihisi cha ghorofa ya pili,
jengo likaamini kuna mkutano,
likawasha kila kitu.
Nikapanda na ngazi. Nikapangusa kwa mkono wa koti.
Swali halikurudiwa.

Kwangu Manyatta hakuna vihisi.
Kuna mita ya tokeni inayolia kama kifaranga,
na bati, na ukuta unaotazama magharibi.
Nimekisogeza kitanda. Mke wangu anauliza kulikoni.
Usiku wangu wa mapumziko naweka kiganja ukutani:
bado una moto.
Nalala macho, nikiingoja saa nane.